Mama Subiri Abadilisha Tiketi Yake

Wateja ndio waliompa jina la Mama Subiri, na alilistahili. Ukiingia ofisini kwake anakokatia watu tiketi za ndege, kile chumba cha juu ya duka la viatu, unahema, simu mkononi, unataka safari yako ibadilishwe sasa hivi, hakukuambia karibu wala habari za leo. Alikuambia, "Subiri kwanza. Usibonyeze kitu." Kisha alikuvutia kile kiti chenye mguu uliofungwa waya, akakutazama mpaka utulie.

Usidhani ni uvivu. Mama huyu alikuwa na sababu zake. Waliomtia huruma zaidi ni watu wa tiketi za maili. Mtu amepanda ndege miaka nenda miaka rudi, shirika limemwekea maili zake, zimejaa mpaka zinatosha kumpatia kiti cha bure. Halafu tarehe inamshinda, anachanganyikiwa, anafuta safari nzima kwa kidole kimoja. Kumbe maili zenyewe muda wake ulishapita, na zikirudi hazirudi popote. Fundi cherehani mmoja alimjia akiwa ameshafuta. Akakaa pale kwenye kiti cha waya, mtu mzima na ndevu zake, akalia, na Mama Subiri hakuwa na la kumfanyia.

Tangu hapo akawa mkali. Usifute, badilisha. Usiachie kiti cha zamani kabla hujashika kipya. Na kama unaweza kungoja, ngoja, maana mashirika haya hayatulii. Msimu ukigeuka, ratiba nayo inageuka. Wakikusogezea saa ya safari wao wenyewe, hapo unawapigia simu kwa sauti ya upole, nao wanakupa tarehe nyingine bila kukukata hata senti. Faini, kwake, ilikuwa ya watu wenye papara. Wenzake walimtania kwamba siku ya kufa kwake atawaambia malaika wapange ratiba upya ndipo aende. Alicheka, lakini moyoni alijua wanamsifu.

Haya, sasa sikia yaliyompata mwenyewe.

Alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa kwake kwa mbali, aliyeolewa nchi nyingine. Mama yao alifariki mapema, kwa hiyo huyo dada ndiye aliyemwogesha, aliyemsuka, aliyemfulia sare za shule na kuzikausha kwa pasi asubuhi zikiwa bado mbichi. Miaka yote dada ndiye aliyekuwa akija kumtembelea. Mama Subiri, pamoja na kuwapandisha ndege watu chungu nzima, hakuwahi kupanda hata moja.

Dada akaanza kusahau. Kwanza miwani, baadaye njia ya sokoni, baadaye watu. Binti yake, ambaye kazi ilikuwa ikimzungusha nchi kwa nchi kufunga mashine za hospitali, akaacha safari na kurudi kukaa na mama yake. Maili alizokuwa amejikusanyia, kabla hazijapotea bure, akazitumia kumkatia mama yake mdogo tiketi ya kwenda na kurudi, ya likizo ya mwisho wa mwaka.

Katikati ya mwaka binti akapiga simu. Alisema kwamba jana yake mama alikuwa amemwita yeye, mwanawe wa kumzaa, kwa jina la jirani, kutwa nzima.

"Mama mdogo, usingoje likizo. Njoo sasa, akiwa bado anakujua. Hiyo faini nitalipa mimi."

Mama Subiri akavuta kiti. Akaifungua tiketi kwenye kompyuta, akaiona faini, akaona na kodi za nyongeza zilizojipanga chini yake, mkono ukagoma. Si kwamba alikuwa mkono wa birika. Binti wa watu ameshaacha kazi yenye maana, amempa tiketi, leo amtoze tena? Aliona ni dhuluma, na kuilipa mwenyewe, yeye anayewakataza wengine, aliona aibu. Na ratiba mpya ilikuwa karibu kutoka, hilo alilijua bila kuambiwa. Akamjibu binti vilevile anavyowajibu wote: subiri kwanza.

Kila Jumapili alimpigia dada. Dada akipokea alimwita "mdogo wangu" kwa ile sauti yake ya kukwaruza, kisha akamuuliza anakuja lini. Mama Subiri alimweleza ujanja wote, jinsi shirika litakavyosogeza safari lenyewe, na jinsi yeye atakavyopata tarehe ya mapema bila kulipa chochote. Dada alicheka sana, akasema ndivyo ulivyo tangu utoto. Basi ananijua, Mama Subiri alijiambia kila akikata simu, hakuna haja ya kukurupuka.

Jumapili moja dada alikuwa amelala. Nyingine hakutaka kushika simu, na binti akasema labda amechoka tu. Mama Subiri akaamini kwa sababu alitaka kuamini. Wateja wangapi wamemjia na imani ya namna hiyo, akawazindua palepale? Yeye hakuwa na wa kumzindua.

Ratiba ikageuka. Ujumbe ukaingia kwamba safari yake imesogezwa kwa saa kadhaa. Akapiga simu, sauti imejaa asali, akashika kiti cha mapema, cha wiki ileile, ndipo akaachia cha zamani. Faini hakuna. Akainuka akacheza kidogo kati ya meza, wenzake wakampigia makofi. Siku ile hapakuwa na mtu mwenye furaha kumshinda.

Binti alimpokea uwanja wa ndege. Alimkumbatia muda mrefu. Nyumbani, dada alikuwa amekaa karibu na dirisha, nywele zimesukwa vizuri, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi. Akainuka kwa adabu, akampa mkono.

"Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

Mama Subiri akasema ndiyo, mbali kidogo. Akakaa. Binti, akijaribu kumkumbusha mama yake, akamwambia kwamba mgeni huyu anafanya kazi ofisi ya tiketi za ndege.

Uso wa dada ukachangamka. Akasogeza kiti karibu, akapunguza sauti ili binti asisikie.

"Basi wewe Mungu amekuleta. Nina mdogo wangu, nimemlea kwa mikono hii. Tiketi anayo, lakini anangoja, anaogopa faini. Mbadilishie aje mapema. Mimi siku hizi nasahausahau. Nitalipa mimi, asiambiwe."

Akaanza kupapasa zipu ya pochi yake. Mama Subiri alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijuta, jamani. Angeilipa ile faini mara kumi, angeuza na kompyuta ya ofisi, arudishiwe Jumapili moja tu ya zile alizozingoja. Lakini kulia mbele ya dada kungemtisha bure. Akaishika ile pochi, akaifunga, akairudisha mapajani mwa dada.

"Nimeshambadilishia, dada. Faini hakuna. Anafika leo."

"Leo?" Dada akasimama. Akasema kitanda hakijatandikwa, na ni aibu mtoto atoke safari akute godoro tupu. Akaingia chumbani, akatoa shuka kabatini, na Mama Subiri akamfuata nyuma. Mmoja akashika huku, mwingine kule, wakalitandaza. Dada akalitazama, hakuridhika. Akamwonyesha mgeni jinsi ya kulibana pembeni, likaze kabisa chini ya godoro, kwa sababu mdogo wake, alisema, akilala anarusha miguu, na akifunuka hupata kikohozi.

Mama Subiri akainama, akalibana.