Madebe Sita ya Asubuhi

Walimwita Mkeka, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili la karani tu. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kutandika mkeka wa kriketi. Huo mchezo wengi waliuona wa watu wasio na shughuli, wanaosimama juani wakiwa wamevaa vizuri. Uwanja wenyewe ulikuwa kiwanja nyuma ya bohari, na katikati yake ukanda wa udongo ulioshindiliwa. Juu ya udongo huo ndipo ulipokaa mkeka mrefu wa nyuzi za makumbi ya nazi, wa kubebwa na wanaume wanne. Yeye aliuburuta peke yake.

Kila asubuhi ya mechi alimwaga madebe sita ya maji kwenye udongo, akasubiri yanywewe, akatandika mkeka, akapigilia misumari pembeni kote. Maji yalituliza vumbi na kuifanya misumari ishike. Mara moja tu aliwahi kuyaruka, siku bomba lilipokauka. Siku hiyo mpira ulidunda kwenye donge, ukapanda, ukamng'oa mchezaji meno mawili. Mkeka ndiye aliyeyaokota. Tangu hapo angeweza kusahau kula, si yale madebe.

Binti yake alikulia pale. Mama mtu alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na mgane asiye na wa kumwachia mtoto hana budi kwenda naye kazini. Binti alijua kurusha mpira kabla ya kujua kuandika. Alipokua akawa fundi cherehani, na kwenye timu ya wanawake akawa mrushaji ambaye hakuna aliyetaka kukutana naye. Mpira wake ulikuja polepole, ukigusa chini unakata kona, na mwenye gongo anabaki kupiga hewa. Jezi za timu alizishona yeye mwenyewe, kwa sababu chama kilikuwa na katibu, makamu wa katibu na msaidizi wa makamu, lakini jezi hakikuwa nazo.

Kisha mambo yakanyooka. Wakubwa wa kriketi wa huko nje walisikia kwamba hapa napo watu wanacheza, wakaleta mtaalamu wa nyasi. Alichimba ule ukanda, akamwaga udongo wa mfinyanzi, akapanda nyasi, akazikata hadi zikakaribia kwisha, akavuta rola juu yake mpaka pakang'aa. Kabla ya kuondoka aliacha karatasi ya maagizo, na karani akamsomea Mkeka: siku mbili kabla ya mechi, hata tone la maji lisidondoke, maana mfinyanzi ukilowa hauchezeki mpaka ukauke. Mkeka aliitikia, akairudia kwa moyo. Mkeka wenyewe ulikunjwa ukatupwa stoo, na watu wakamtania kwamba sasa inabidi aitwe Nyasi.

Mashindano ya kwanza kwenye uwanja mpya yalikuwa ya timu za wanawake za nchi nne, na mshindi angepanda daraja akacheze na mataifa makubwa. Ikabaki mechi ya mwisho. Wageni walikuwa wanaongoza kwa pointi moja, kwa hiyo wenyeji walilazimika kushinda. Mechi isipochezwa, wageni ndio wanaopanda.

Jioni ya kuamkia siku hiyo binti alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, mguu mmoja juu ya kigoda.

"Baba, hii ndiyo ya mwisho kwangu. Goti limeshagoma. Nataka nicheze na wale wakubwa mara moja tu, halafu nirudi nizeeke na mashine yangu."

"Utacheza, mama."

"Kiwanja kikoje?"

"Kimekaza. Wewe lala."

Alfajiri Mkeka aliinama juu ya ule ukanda akaona nyufa, nyembamba, zimetambaa kila upande. Mtaalamu angeziona akaendelea kunywa chai yake. Yeye aliona meno mawili kwenye vumbi, halafu akauona uso wa mwanawe. Karatasi aliikumbuka, neno kwa neno. Lakini karatasi ilikuwa na mwezi mmoja, na mikono yake ilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alimwaga debe moja, kidogo tu, la kutuliza. Likafuata la pili. Alipokuja kushtuka, la sita lilikuwa tupu.

Jua likitoka litakausha, alijiambia. Jua halikutoka. Mvua haikunyesha pia. Ilikuwa siku ya mawingu tu, ya baridi, isiyo na mbele wala nyuma.

Saa tatu mwamuzi alibonyeza dole gumba, likazama. Walisubiri mpaka saa sita, wakasubiri mpaka saa tisa, kisha waamuzi wakapeana mikono na wageni wakaanza kukumbatiana.

Katibu alikuja povu likimtoka. "Nani kamwaga maji hapa? Leo mtu anafungasha virago!"

Mkeka alifungua mdomo. Binti yake alikuwa anafungua kamba za viatu. Aliitazama suruali ya baba yake, yenye tope lililokauka mpaka magotini, akasimama.

"Bomba la pembeni linavuja, katibu. Nililiona asubuhi nikapuuza. Kosa langu."

Katibu, ambaye hakuwahi kujua bomba liko wapi, alimfokea mbele ya timu nzima, akamwita mzembe, akamwita msaliti. Hapo ndipo mzee alipopaswa kusema. Hakusema, na mimi siwezi kumtetea. Aliogopa, basi.

Alisema baada ya miezi mitatu, amesimama mlangoni kwa binti yake, kofia mkononi. "Mama, yale maji ni mimi."

"Najua, baba. Niliona suruali."

"Mbona ulinifichia?"

"Wangekufukuza. Ungebaki na nini?"

Mzee akalia, bila kujificha. Alipoweza kusema tena, akauliza, "Na wewe umebaki na nini?"

Binti alikuwa na jezi yake magotini, anafumua namba mgongoni, uzi mmoja mmoja, maana msichana aliyechukua nafasi yake alikuwa na mwili kama wake na kitambaa kilikuwa bado kizima.