Viti Vilivyonyeshewa

Jirani wa Phelister mtaani Jericho alikuwa mama wa mikono minene isiyojua kukaa bure. Kila asubuhi alizipangusa mbao za viti vyake vipya kwa ncha ya leso, akanyoosha vitambaa alivyovifuma mwenyewe, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti iliyoishinda redio. Watoto walijua kwamba kuvikalia viti vile na vumbi miguuni ni kujitafutia kofi.

Jumamosi moja alasiri, waumini walikusanyika sebuleni kwake kumshukuru Mungu, maana Laban, mtoto wa Phelister, alikuwa ametoka hospitali akiwa mzima. Watu wakajaa, wengine wakabakia nje wakichungulia. Yule mama akapiga makofi. "Toeni viti nje, watu waingie!" Wakatazamana, lakini wakavitoa. Wimbo wa pili haujaisha, mvua ikamwagika. Phelister, akiwa amembeba Laban, alimvuta jirani yake mkono, machozi yakimlengalenga kwa aibu, maana haya yote yalikuwa kwa ajili ya mwanawe.

"Mama, viti vyako vinaloa!"

"Naviona, Mama Laban." Yule mama akampokea mtoto, akambusu kichwani. "Viti vitakauka. Na visipokauka, fundi yupo. Huyu je, tungempata wapi mwingine?" Kisha akacheka hadi mabega yakatikisika, akauanza wimbo upya kwa sauti ya juu zaidi. Phelister akaacha kuchungulia dirishani, akaanza kuimba.