Kisu Changu na Ng'ombe wa Kitura

Mimi darasa la nne sikumaliza, lakini duka langu pale Mbinga mjini lina milango mitatu, na yote ni jasho langu. Nilianza kwa kupandisha usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Lundo juu ya malori ya watu. Na kwa kuchinja, mji huu sijaona wa kunifikia. Wakatoliki wakiwa na sherehe huniita mimi, ili na sisi Waislamu tule. Ndivyo tunavyoishi huku.

Siku moja aliingia dukani mzee wa Kitura, mkulima wa kahawa, mteja wangu wa miaka mingi, akinuka pombe ya komoni. Kwenye benchi walikaa vijana wawili wa msikitini kwetu. Akaanza utani wake wa nguruwe, tukacheka. Kisha akavuka mpaka, akamtaja Mtume wetu kwa neno ambalo siliandiki hapa. Kijana mmoja akasimama na ngumi.

"Kaa," nikamwambia.

"Shehe, umesikia alichosema?"

"Masikio yangu makubwa kuliko yako. Kaa."

Madrasa tulifundishwa kwamba dini ikidhihakiwa, uondoke hapo mpaka wabadili mazungumzo. Sasa niondoke dukani kwangu niende wapi? Nikamshika mzee mkono, nikamtoa taratibu mpaka barazani.

"Mzee wangu, hayo yamalizie huku nje. Yakiisha, ingia, sukari yako ipo."

Vijana hawakuridhika. Jumamosi ya wiki ile mzee alikuwa anamwoza binti yake, nao wakawapitia wachinjaji wote: asiende mtu. Kama ng'ombe asingechinjwa na Mwislamu, mtaa wetu mzima ungekaa pale na soda mkononi bila kugusa nyama, na binti wa watu angeolewa kwa aibu. Mzee aliona haya kuja kwangu. Jumamosi asubuhi akaja mkewe.

"Baba, ng'ombe amefungwa tangu alfajiri," akasema, macho chini. "Mume wangu amesema ukikataa, asikulaumu mtu."

"Binti hajamtukana mtu, mama. Twende."

Kitura nilimkuta mzee kasimama kando ya ng'ombe.

"Kumbe umekuja?"

"Nimekuja. Shika kichwa."

"Mimi?"

"Wewe. Mdomo wako tunaujua una nguvu, leo tuone mikono."

Akaguna, akacheka kidogo, akashika. Nikataja jina la Mungu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mibuni, nikakata safi. Nani mwingine anakata vile?

Kisha nikawapigia simu wale vijana: mchinjaji ni mimi, njooni mle. Wakaja wamenuna, wakakaa pembeni. Chakula kilipotoka, mzee akampokonya mtoto birika la kunawisha wageni. Kwetu mdogo ndiye humnawisha mkubwa. Yeye, na mvi zake, akainama mbele ya kijana aliyetaka kumpiga.

"Nawa, mwanangu. Pombe ilikuwepo, lakini mdomo ulikuwa wangu."

Kijana akayatazama yale maji yakimwagika bure kwenye beseni. Halafu akasimama, akalichukua birika mkononi mwa mzee.

"Shikamoo, mzee. Anza wewe."

"Marahaba," mzee akasema, akakinga viganja.

Nilifurahi sana, sifichi. Lakini sikuwasubiri wamalize kunawishana. Mimi sahanini nilikuwa nimeshafika kwenye ini.