Bi Fungua na Maboksi Mawili

Wauguzi wa nyumba ile ya wazee walimwita Bi Fungua, akishawapa mgongo lakini. Mfamasia huyo mshauri akija kwa ukaguzi wake wa kila mwezi, hata chai haigusi kwanza. Fungua kabati. Fungua friji. Fungua na droo hiyo unayoikingia mgongo. Mkuu wa wauguzi humpangia mafaili mezani, safi, kila kisanduku kimetiwa tiki. Yeye huyapita kama hakuyaona, huyoo, kwenye toroli la dawa. Karatasi, husema, haijawahi kumeza kidonge.

Mwezi huo mkuu hakuwa na hamu ya ukaguzi. Mzee seremala wa chumba cha nne alikuwa anawaponyoka. Tangu arudi kutoka hospitali wiki mbili nyuma, alilala mchana kutwa, akisimama anayumba, na ameshaanguka mara mbili. Binti yake alikwishapigiwa simu aje amwone baba angali na pumzi. Uzee tu, walisema. Wanasema mkubwa ni jalala. Basi na uzee wake nao, kila ugonjwa hutupiwa humo.

Bi Fungua alipoambiwa habari za mzee, akaomba kulisukuma toroli pamoja na muuguzi wa zamu. Kwenye droo ya mzee yakatoka maboksi mawili, moja la siku zote na moja la hospitali. Akavaa miwani, akasoma maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa, akayasoma tena. Akauliza taratibu, mzee anapewa lipi? Yote, akajibu muuguzi, tena kwa fahari, maana desturi ya nyumba ile ilikuwa hiyo: dawa aliyoandika daktari haiachwi mpaka iishe.

"Hii ni dawa moja, dada," Bi Fungua akamwambia mkuu alipoitwa. "Viwanda viwili, majina mawili. Mnampa dawa ya presha mara mbili."

Jamani, mkuu akakimbilia kipimo. Presha ya mzee ikapimwa palepale, ikaonekana imeshuka mno. Mfamasia hakupayuka wala hakumnyooshea mtu kidole. Alimpigia daktari, na daktari akasimamisha boksi moja na kuagiza mzee aangaliwe kwa karibu. Kisha Bi Fungua akakaa na wauguzi, droo baada ya droo, hadi saa kumi jioni, akiwaonyesha namna ya kusoma jina la dawa yenyewe. Wengine wangeandika ripoti wakajiendea zao. Mwanamke yule ni mtu, acheni aitwe vyovyote.

"Ripoti nitaandika kama mambo yalivyo," alimwambia mkuu akifunga mkoba. "Lakini binti wa mzee anakuja Alhamisi."

Mkuu alielewa kwamba ukweli ameachiwa yeye auseme. Angeweza kusema mzee kapata nafuu, tumshukuru Mungu, na nani angejua?

Alhamisi binti alimkuta baba ameketi kitandani, anagomba kwamba supu haina chumvi. Akalia. Akaishika mikono ya mkuu, akamshukuru, akamwombea maisha marefu kwa kumrudishia baba yake.

Mkuu aliitoa mikono yake polepole.

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema. "Sisi ndio tuliokuwa tunamuua."