Soksi ya Daktari

Mimi ni mtu wa ndani. Nikitoka Makole kwenda sokoni Majengo, hapa hapa Dodoma, narudi najiona msafiri. Kwa hiyo siku niliyomsindikiza mama hospitali kwenye mashine mpya ya leza, nilichoka kabla hatujafika getini.

Mama alishatolewa mtoto wa jicho na kuwekewa kioo ndani. Akaona vizuri, kisha nyuma ya kioo ukaota utando, akarudi kwenye ukungu. Jicho la pili lilikufa zamani. Hili ndilo alilobaki nalo. Leza ilikuwa inatoboa utando bila kisu. Mwenye kuitumia alikuwa daktari aliyepanga chumba chetu cha uani, mtu ambaye kwa kisu alisifika wepesi mpaka Mpwapwa. Kwa leza, jamani, alirudi darasa la kwanza.

Mama aliweka kidevu kwenye kibao cha mashine, tasbihi mkononi. Daktari akachungulia, akalenga, kisha akainamisha kichwa kutafuta pedali, maana mwanga unafyatuliwa kwa mguu, kanyago moja pigo moja. Akiipata, lengo limeshapotea. Analenga upya. Anakanyaga, kiatu kinagonga sakafu tupu. Mama akamaliza tasbihi nzima, akaanza ya pili, kifua chake cha siku zote kikambana, akakohoa. Daktari akazima mashine.

"Mama, ukikohoa nikiwa nafyatua nitakuumiza. Turudie baada ya wiki mbili."

"Mwanangu, kifua hiki ninacho miaka ishirini. Wiki mbili kitakwenda wapi?"

Jioni daktari alikaa barazani, chai hagusi. "Mashine ni nyepesi, dada. Mzito ni mimi."

Ugonjwa wake niliujua. Mimi ni fundi cherehani. Tangu biashara ya nje iruhusiwe na mitumba ijae mjini, wateja wangu wa magauni walinikimbia, nikabaki na kubadilisha zipu. Nikanunua cherehani ya umeme nikidhani watarudi. Mguu wangu ulizoea pedali ya chuma ya kupiga mfululizo. Hii ya umeme ukiigusa tu, imeshafika ukingo wa kitambaa. Mwezi wa kwanza nilishona mifuko ya suruali nikaifunga kabisa, mwenyewe akakosa pa kutia mkono.

"Vua viatu," nikamwambia.

"Nini?"

"Kiatu hakisikii kitu. Vua, uweke mguu kabla hujatazama, na kisigino kisibanduke chini."

Hivyo mimi, wa kidato cha nne niliyefeli hisabati, nikawa namfundisha daktari kazi. Nilimkalisha kwenye cherehani yangu, nikamchorea nukta za chaki kwenye kipande cha kitenge: kila nukta pigo moja la sindano, macho yasishuke kwenye pedali. Siku ya kwanza alishona kitenge pamoja na tai yake.

"Daktari, mgonjwa huyo keshakufa," nikamwambia.

Mama akauliza kutoka chumbani, "Ndiye mimi huyo?"

Daktari alirudi kila jioni. Mara ya kwanza kila pigo lilisubiriwa kama mvua ya Dodoma. Baadaye yakaja ta, ta, ta, huku mwenyewe ananisimulia mpira. Hospitali nako alivua viatu, akaanza na wenye vifua vizima. Wagonjwa wa Gulwe, waliokuwa wanalala mjini kungoja zamu, wakaanza kuwahi treni ya kurudi.

Zamu ya mama ikafika. Safari hii niliukodolea macho mguu wa daktari kuliko uso wake. Kisigino hakikubanduka. Ta, ta, ta. Mama hajafika nusu ya tasbihi, daktari akainua kichwa. "Tumemaliza, mama."

"Mmemaliza nini? Hata sijakohoa!"

Siku hiyo dawa ya kupanua mboni ilimwachia kiwi tupu, nami nikamshika mkono mpaka nyumbani. Asubuhi yake daktari akapita, akaacha viatu mlangoni, akakaa mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu sogeza mguu." Akausogeza. Mama akauinamia. "Soksi ilitoboka kidoleni. Na aliyeiziba kaishona kama anafunga gunia la karanga. Nani huyo?"

Ndimi niliyeiziba. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio kuuliza nani anaolewa.

"Hakuna anayeolewa," mama akawajibu, akiwatazama mmoja mmoja usoni. "Huyu nani atamwoa, na mshono huu?"