Nyundo Katika Hati ya Mashtaka

Siku yangu ya kwanza kama kiongozi wa mashtaka wa polisi, katika mahakama moja ya katikati ya jiji, Inspekta Mkuu aliyenisimamia aliniwekea rundo la faili mezani akasema, "Soma kifungu kabla ya kusoma jina la mtu."

Kifungu ndicho kilichoamua kila kitu. Kuchopoa simu na kukimbia kulikuwa wizi, adhabu yake kifungo cha miaka michache. Kuichukua kwa nguvu au vitisho kulikuwa unyang'anyi, na miaka iliongezeka. Lakini mshtakiwa akiwa na silaha hatari, kosa liliitwa unyang'anyi wa kimabavu, na hakimu hakuwa na hiari: alitamka kifo. Enzi zile shtaka hilo halikuwa hata na dhamana.

Nilipohamishiwa upande wa Barabara ya Ngong, nililetewa faili ya Mutiso, fundi wa mawe. Alikuwa amempokonya simu Bi. Hansa, mwenye duka la vitambaa, karibu na maduka ya Adams Arcade, akakamatwa hatua chache mbele. Ndani ya begi lake mlikuwa na nyundo ya kazi. Polisi waliandika "akiwa na silaha hatari." Nilitia sahihi bila swali.

Alikaa rumande miezi minane. Asubuhi ya kusikizwa kwa kesi, niliketi na Bi. Hansa koridoni tupitie taarifa yake.

"Alikutisha na nyundo vipi?"

"Nyundo gani? Huyo alivuta simu akakimbia. Nyundo mimi niliona kituoni, kwa meza ya polisi."

Nilipomweleza adhabu, alinishika mkono. "Madam, mimi nataka afungwe. Sitaki afe."

Nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wetu wa mashtaka.

"Ukipunguza shtaka, watasema umekula kitu kidogo," alinionya.

"Afande, mlalamishi mwenyewe hakuiona nyundo. Nikiendelea, nitakuwa naomba kifo nikijua ni wizi."

Alinisukumia faili. "Badilisha. Na sababu uiandike kwa mkono wako."

Shtaka la wizi liliposomwa, Mutiso hakungoja limalizike. "Ni kweli," alisema. Hakimu alizingatia muda aliokaa rumande, akamwongezea miezi minne.

Akipelekwa seli, alisimama mbele ya meza yangu. "Madam, hata siku ile ya kwanza nilisema simu nilichukua. Karani akaandika nimekana."

Nilifungua faili. Ndivyo ilivyoandikwa. Kisheria karani hakukosea: Mutiso alikubali wizi, na hakuwa ameshtakiwa kwa wizi.

Nimestaafu sasa, naishi Kilimani. Siku hizi, katika kesi za mauaji, majaji wamepewa nafasi ya kupima adhabu hiyo ya kifo, na nashukuru. Lakini mara nyingi hukumu huanza kabla ya jaji kuiona faili, mtu ameshika kalamu na ana haraka ya kwenda kula. Mimi nilikuwa na haraka hiyo. Miezi minane ambayo Mutiso aliishi akingoja kifo, hakuna kifungu cha kuirudisha.