Kumgeuza Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Ilikuwa enzi za ruksa, maduka ya Kariakoo yakianza kujaa bidhaa huku viwanda vya umma vikifungwa kimoja baada ya kingine, nami nilikuwa nimetoka chuoni na kupangiwa ofisi ya ustawi wa jamii Ilala. Afisa Ustawi wa Wilaya, mama mmoja mnene wa maneno machache, aliniangalia shingoni.

"Unakwenda kuoa?"

"Hapana, mama. Nimeripoti kazini."

"Basi vua. Wazee wa hapa wakiona tai wanadhani umekuja kuwatoa kwenye nyumba zao. Na faili liache mezani. Kwa mtu unaingia na salamu, mengine utayakuta mbele ya safari."

Niliivua mbele ya makarani, masikio yakiniwaka moto. Nikiitazama leo kazi yangu, naona karibu yote niliifanya nikiwa na haya. Siyo haya ya mwizi. Ni ile ya mtu aliyefungua mlango akakuta wenzake wanaoga, na kesho yake analipwa mshahara kufungua mwingine.

Mradi wetu ulihusu wazee wasiojiweza pamoja na wale wanaowauguza nyumbani, ambao tuliwaita walezi. Tulifundishwa kuwatazama wote wawili, kwa sababu mlezi akianguka, mzee naye kaanguka. Tulifanya ziara za nyumbani, na kila wiki walezi walikutana katika ukumbi mmoja Mchafukoge, mzee akibaki na mtu wa kujitolea. Walikuja Wazaramo wa uswahilini na akina mama wa Kihindi wa maghorofani, wakapeana mbinu za kumlisha mtu asiyeweza kumeza. Wengine walikuja kusinzia tu kwenye benchi, nasi tuliwaacha wasinzie.

Somo kubwa lilikuwa kumgeuza mgonjwa. Mtu akilala ubavu mmoja kutwa nzima, ngozi inakosa damu, inabadilika rangi, kisha inachimbika kidonda kinachoweza kufika mfupani. Na kumgeuza siyo kumvuta. Unaingiza mikono chini ya bega na nyonga, unamwinua kidogo, ndipo unamlaza upande wa pili. Ukimburuta unamchubua.

Miongoni mwa nyumba zangu za Kariakoo ilikuwamo ya Bi Mwanahawa, aliyepooza upande mmoja. Mlezi wake alikuwa Zuhura, mtoto wake wa pekee. Mume wa Zuhura, Shomari, alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo kabla ya kupunguzwa kazi. Zuhura akaingia kwenye mitumba, akawa anatoka alfajiri na kurudi magharibi. Shomari alibaki barazani na redio yake. Ndani hakuwa na la kufanya, au ndivyo tulivyodhani, maana Bi Mwanahawa alikuwa Mzaramo wa kizamani: mkwe wa kiume hamwoni uso wala hakanyagi chumbani kwake. Tangu ndoa ifungwe walisalimiana kupitia mlangoni.

Sasa, kama Zuhura yuko sokoni mchana kutwa, nani alimgeuza mama? Maana aligeuzwa, mwili wake ulionyesha: kidonda kilikuwa kimoja tu, kidogo, mgongoni. Nilipomuuliza, Zuhura alitazama chini. "Wapangaji wananisaidia, kaka." Wapangaji wenyewe nao walishinda sokoni.

Mchana mmoja nilipiga hodi sikujibiwa, redio ilikuwa inapiga kelele. Nikaingia hadi uani. Upepo ulikuwa umelipeperusha pazia la chumba cha mama, nami nikamwona Shomari amejitanda kanga ya mkewe kichwani, uso wote umefunikwa, anapapasa kama kipofu akimgeuza mama. Bi Mwanahawa alikuwa amefumba macho na anakoroma. Lakini mkono wake mzima ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda, anajivuta kumsaidia. Mtu aliyelala hasaidii. Mama alikuwa anajifanya amelala, na mkwe anajifanya hayupo.

Nilirudi kinyumenyume mpaka barabarani. Nawaambieni, nimewahi kuona wazee wakiwa uchi na sikuaibika kama siku ile.

Taabu ni kwamba, kwa kuwa alikuwa haoni, Shomari alimburuta. Ziara iliyofuata nilimkuta Zuhura nyumbani, akanionyesha mgongo wa mama: ngozi imechubuka, kidonda kimepanuka na kinatoa harufu. Kikiendelea vile, mama hatapona. Na nikimwambia Shomari anakosea, itabidi kwanza niseme kwamba nimemwona. Mama asingekubali kuguswa tena, na Shomari asingeweza kuishi kwenye nyumba ile. Utamfundishaje mtu kazi ambayo haifanyi?

Mimi ni Mnyamwezi, na Shomari, Mzaramo kama mkwewe, ni mtani wangu. Nikautumia utani. Asubuhi moja nilitandika mkeka uani, chini ya dirisha la mama, nikajilaza na suruali yangu ya ofisini.

"Shomari, mtani, mgongo unaniua. Njoo unigeuze."

Akacheka sana. "Lazima uume! Babu zenu wamebeba mizigo ya watu kutoka bara mpaka pwani, mgongo utabaki?"

"Cheka, lakini geuza. Siyo hivyo, unanichuna! Mkono mmoja begani, mmoja kwenye nyonga. Inua kwanza."

Akanigeuza, nikamkosoa, akanigeuza tena. Nikamwambia afumbe macho, kwamba nataka kuona kama Mzaramo anaweza kazi gizani. Hapo aliacha kucheka. Alinitazama machoni, kisha akafumba macho, akanigeuza taratibu mpaka akapatia. Dirisha la mama lilikuwa wazi.

Hatukusikia hodi. Mratibu wa Mradi, bwana mmoja wa suti, alikuwa amesimama uani na wageni wawili wafadhili.

"Hii ndiyo ziara ya nyumbani?"

"Naumwa mgongo, bwana Mratibu."

"Unalipwa kuja kulala kwenye ua wa watu?"

Nilikuwa bado chini, shati limetoka nje ya suruali. Shomari alifungua mdomo aseme, nikamkata jicho, akanyamaza. Kesho yake Afisa Ustawi aliniita.

"Ulikuwa na sababu?"

"Nilikuwa nayo, mama."

"Inasemeka?"

"Haisemeki."

Alinipa onyo, akanihamishia Jangwani kugawa mablanketi kwa waliokumbwa na mafuriko. Wenzangu wakaniita Afisa Mkeka. Jina lilinifuata kila kituo nilichopangiwa, mpaka watoto wangu wakalisikia. Niliumia, sitawadanganya. Nilitamani kueleza, na kila nilipotamani nilijionea aibu zaidi.

Nilipokwenda kuaga, Bi Mwanahawa alinisemesha kwa shida kutoka kitandani. "Mwanangu, mchana huwa nalala sana. Siku hizi usingizi wangu hauniumizi. Anayehusika, mwambie usingizi wangu unamshukuru."

Shomari alikuwa barazani. Nilimpa mkono, nikaondoka bila kuufikisha ujumbe.

Kidonda kilifunga. Bi Mwanahawa aliishi miaka kadhaa kabla ya homa kumchukua. Hakuwa na mtoto wa kiume, hivyo makaburini sheikh alisema mkwe ni maharimu wake, kisheria kama mwanawe, ashuke kaburini kumpokea. Mimi nilishika ncha ya shuka la kumsitiri. Shomari alimlaza ubavu wa kulia kuelekea kibla, mkono mmoja begani, mmoja kwenye nyonga, uso wake mwenyewe ukiwa wazi.

Sasa nimestaafu. Vijana wa ustawi wananiuliza siri ya kazi, nami sina siri ya kuwapa. Nawaambia mzee akiwaficha jambo, wasikimbilie kulifunua. Ila ule ujumbe nilikuwa nao bado, na mwaka wa kwanza wa kustaafu nilikwenda kuutua. Shomari, mvi tupu, alikuwa barazani.

"Mtani, marehemu mama aliniachia salamu," nikamwambia. "Alisema usingizi wake unamshukuru."

"Unamshukuru nani?"

"Aliyekuwa akimgeuza."

Alivua kofia, akaiweka gotini. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Simjui, mtani. Mimi chumba kile sikuwahi kuingia."

Nilitahayari mpaka nikatazama chini. "Basi nimekosea nyumba."

"Umekosea nyumba," akasema, akinisogezea kiti. "Kaa unywe kahawa."